Mwizi wa Vifaranga Nyumbani kwa Mama Pasi

Mama Pasi ni dobi. Kazi hiyo aliianza mume wake akiwa hai na anaifanya mpaka leo, katika chumba kirefu cha nyuma ya nyumba ambacho joto lake mgeni hulivumilia kwa muda wa salamu tu. Upande mmoja kuna mabeseni ya kurowekea, upande wa pili meza ya kupigia pasi, na katikati kamba zimekatizana hivi kwamba mtu mrefu lazima atembee ameinama. Mpe shati lililokunjamana vipi, atakurudishia limenyooka mpaka uone haya kulivaa. Hilo mtaa mzima unakubali. Kinachobishaniwa ni jambo la pili, kwamba chini ya meza ile ile ya pasi, ndani ya matenga ya nguo, mna wanyama.

Wala si wanyama wa kufuga. Ni wa porini na wa angani, waliogongwa, waliopigwa mawe, walionaswa. Ilianza na kalunguyeye mmoja aliyeburuta mguu mpaka kwenye lundo la mashuka akajiviringisha humo. Mama Pasi alimsogeza karibu na joto, akamfunga mguu kwa kipande cha foronya kuukuu, na kalunguyeye, bila kujua anaanzisha nini, akapona. Habari zikaenea. Tangu hapo mtu akiokota njiwa pori aliyevunjika bawa au kima mchanga aliyeunguzwa na nyaya za umeme, hapotezi muda kusema "maskini". Anasema, "Mpeleke kwa Mama Pasi."

Daktari wa mifugo, binti ambaye kazi yake hasa ni ng'ombe na mbuzi, hupita hapo akitoka mazizini, buti zake bado zina matope. Yeye ndiye aliyemfundisha Mama Pasi kufunga mfupa na kumnywesha mgonjwa asipaliwe. Alimfundisha pia swali moja ambalo Mama Pasi hakulipenda tangu siku ya kwanza: "Mama, huyu tunamweka kwa ajili yake au kwa ajili yetu?" Jibu likiwa la pili, daktari hufungua mkoba wake na kutoa sindano ya mwisho, ile ya kumlaza mnyama asiamke tena. Hapo Mama Pasi hutoka nje. Hakuwahi kubaki chumbani hata mara moja. Huenda uani kuanua nguo, hata kama bado zinachuruzika maji, na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye wanaishi pamoja na kugombana kila siku kwa raha zao, hujua kuna mnyama anayeondoka akiona tu mashuka mabichi yakirudi ndani.

"Wifi, wewe una moyo wa kuokota," humwambia. "Wa kuaga huna."

"Na wewe huna wa kunyamaza," hujibiwa, na mashuka hurudishwa kambani.

Basi asubuhi moja akaja Bwana Kuku. Huyu ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mfuga kuku, mwenye sauti ambayo haikuumbiwa uani. Mwewe akimchukulia kifaranga kimoja, mtaa mzima hupewa taarifa, pamoja na matusi kwa mwewe, kwa mama yake mwewe na kwa yai alilototolewa. Ndiyo maana alikuwa ametandaza wavu mweusi juu ya banda lake. Siku hiyo alikuja na gunia kifuani.

"Jirani, nimemnasa mwizi," alisema, lakini sauti haikuwa ya mshindi. "Amening'inia kwenye wavu tangu jana, na mimi sikuwepo. Namuomba Mungu anisamehe. Nilimtakia afe, ndiyo, lakini si hivi."

Mama Pasi alitupa taulo juu ya gunia, akaingiza mikono yote miwili, akamtoa mwewe jike aliyefunikwa kichwa. Ndege akitiwa gizani hutulia, hata yule mkali wa kukupasua ngozi. Bawa la kushoto lilining'inia kama mkono wa koti. Daktari alipofika alilipapasa taratibu, akaangalia kiungo, akashusha pumzi.

"Limevunjika kwenye kiungo chenyewe, mama. Jeraha litafunga, lakini kuruka, hapana. Na mwewe asiyeruka..." Hakumalizia. Sindano ile ya kumlaza ilikuwa imemwishia. Alimpa ndege dawa ya maumivu na kuahidi kurudi na sindano siku ya Ijumaa.

Bwana Kuku alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi. "Si ungemmaliza tu leo, daktari?"

"Mzee, ana dawa, haumwi. Mwache apumzike."

Ijumaa haijafika, wakaja mafundi wa umeme. Walikuwa wamekata mti uliokuwa ukigusa nyaya, na kileleni mlikuwa na kiota ambacho hawakukiona mpaka kikawa chini. Ndani ya kofia ngumu ya kazi walileta makinda wawili wa mwewe, manyoya bado pamba tupu, midomo wazi, wakipiga kelele za njaa. Mafundi waliweka kofia mezani, wakaomba radhi kama waliovunja sahani ya watu, wakaondoka bila hata kudai kofia yao.

Makinda humtia Mama Pasi hofu kuliko majeraha. Huko nyuma aliwahi kumlea kipanga mmoja kwa mkono wake, akimlisha vipande vya nyama na kumsemesha, akamwachia angani kwa vigelegele. Kipanga yule akawa anatua mabegani mwa wapita njia kuomba chakula, maana alidhani binadamu wote ni mama zake. Mpita njia mmoja aliyeshtuka alimpiga fimbo, na habari ikaishia hapo. Kinda akishazoea uso wa mtu, umemponya na kumuua kwa mkono ule ule.

Kwa hiyo safari hii aliamua kuficha uso. Alijifunika shuka gubigubi, akavaa mkononi soksi nyekundu aliyoishonea vifungo viwili viwe macho, akachuchumaa mbele ya tenga na kipande cha nyama kikichungulia kwenye vidole vya soksi. Makinda walilitazama lile zimwi jeupe lenye mkono mwekundu, wakarudi nyuma mpaka wakapandana. Mmoja alijisaidia kwa woga, akalenga shuka barabara.

Wifi yake alicheka mpaka akakalia beseni lenye maji. "Wifi! Shuka la nyumba ya wageni hilo! Leo mtu atalalia mavi ya mwewe na kulipia!"

"Badala ya kucheka, lete akili."

"Akili ya nini? Mama mtu mzima si huyo hapo tengani anasubiri Ijumaa? Mpe kazi kabla hajafa."

Ulikuwa utani. Lakini Mama Pasi alivua shuka, akabaki amechuchumaa akimtazama wifi yake, na wifi yake akaacha kucheka.

Walilisafisha banda la mkaa, wakaweka wavu wa chuma mbele na kijiti cha kutulia, wakamwingiza mwewe jike humo, kisha makinda, kisha nyama. Mama Pasi alichungulia kwenye tundu la ubao. Mwewe aliwatazama wale watoto, akageuza shingo, akatazama ukutani. Alikaa hivyo mpaka Mama Pasi akaanza kujilaumu kwa upumbavu wake. Ndipo kinda mmoja akapiga mluzi mwembamba, na mwewe akashusha kichwa. Alikanyaga nyama kwa kucha, akanyofoa kipande kidogo, akakishika kwa ncha ya mdomo na kumwinamia mtoto. Mtoto akakipokea.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, watu husema, na Mama Pasi aliyasikia maneno hayo miaka mingi bila kuyafikiria, yeye ambaye hakujaliwa mtoto. Pale kwenye tundu la ubao alilia machozi ya wazi na kujifuta kwa shuka la nyumba ya wageni, ambalo hata hivyo lilikuwa limekwisha haribika.

Ijumaa daktari alikuja na sindano mkobani. Akaongozwa kwenye tundu. Alichungulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sasa niulize swali lako," Mama Pasi alisema.

"Huyu tunamweka kwa ajili yake au kwa ajili yetu?"

"Kwa ajili ya hao wawili. Nawe hukunifundisha jibu la tatu."

Daktari alicheka, lakini kabla ya kuondoka aliweka sharti. Ndege wa angani hakuumbwa kusimama tu, alisema. Akikaa kwa miguu siku zote, nyayo huota vidonda, na vidonda vya nyayo vina tabia ya kupanda mwilini. "Siku watoto watakapojitafutia chakula wenyewe, mama, tutauliza tena. Na siku hiyo usiniongezee jibu la nne." Mama Pasi akakubali. Kukubali jambo la mbali ni rahisi.

Chakula kilitoka kwa Bwana Kuku. Alikuja na utumbo wa kuku na vifaranga waliokufa kwa baridi, akilalamika njia nzima. "Yaani mimi nimlishe mwizi! Nimtilie na wanawe! Wakikua wanifilisi!" Lakini alikuja kila siku, na baada ya muda akawa anakuja na nyama iliyokwisha katwakatwa. Mama Pasi alimsikia siku moja akizungumza bandani, sauti ameishusha kiasi ambacho hakudhani jirani yake anakiweza. "Habari za asubuhi, bibie. Bawa leo vipi?" Alipogeuka akamwona Mama Pasi, alikohoa na kudai vumbi la mkaa limemkaba.

Makinda wakaota manyoya ya kweli. Wakaanza kupigapiga mabawa juu ya kijiti huku mama yao akiinama kukwepa vumbi. Hawakumzoea mtu, na Mama Pasi akikaribia walimtazama kwa jicho baya kabisa, naye alifurahi kutazamwa hivyo. Siku paa la banda lilipofunguliwa, walikaa ukingoni asubuhi nzima wakibishana na upepo, kisha mmoja akajitupa, na wa pili akaona aibu kubaki.

Lakini kuruka si kula. Mwewe mchanga huchukua muda kujifunza kuwinda, kwa hiyo nyama iliwekwa juu ya paa la chumba cha pasi, nao wakawa wanarudi kuichukua na kutua karibu na mama yao, wakimpigia mluzi kupitia wavu. Magoti ya Mama Pasi hayapandi ngazi. Bwana Kuku ndiye aliyepanda, asubuhi kuweka nyama na jioni kuangalia kilichobaki.

"Wamekula?" Mama Pasi humuuliza kila jioni.

"Wamekula yote," hujibu akishuka. "Hawa bado watoto, jirani. Bado sana."

Wakati huo nyayo za mwewe jike zikaanza kuvimba. Mama Pasi alizisafisha kwa maji ya chumvi, akafunga kijiti kwa vitambaa laini, akampaka dawa ya daktari. Uvimbe ulipungua ukarudi, ukapungua ukarudi na usaha. Mwewe akawa anasimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, kama mtu aliyekanyaga mchanga wa moto, na siku nyingine alilalia kifua kabisa. Nyama akawa anaionja tu.

"Anaumia, mama," daktari alisema.

"Najua. Lakini watoto bado wanalishwa. Muulize jirani."

Daktari alimtazama Bwana Kuku, na Bwana Kuku alitazama kofia yake. "Bado wadogo," alisema. "Wanakula yote."

Aliyefumbua fumbo, kama kawaida, ni wifi. Alikuwa akipiga pasi kola ya shati huku akitazama dirishani, akasema kwa kupitisha wakati, "Paka wa Bwana Kuku ana mimba?"

"Si dume yule?"

"Basi amenenepa vibaya. Tazama anavyotembea. Anakula nini siku hizi?"

Mama Pasi naye alitua pasi yake kwenye kisahani chake. Paka yule alikuwa akipita juu ya ukuta, tumbo likimtangulia. Ndipo akakumbuka jambo lingine, lililokuwa mbele ya masikio yake muda wote huo. Kulikuwa kimya. Mara ya mwisho alimsikia lini jirani akipiga kelele za kifaranga? Mwewe wawili wachanga wanazunguka juu ya banda la kuku kutwa nzima, na Bwana Kuku, yule wa kumtukana mpaka yai, hajatoa hata mguno. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Alizima pasi, jambo ambalo halifanyi mchana, akatoka.

Alimkuta akitengeneza mlango wa banda. Hakumsalimu. "Wamekuchukulia wangapi?"

"Nani? Nini?"

"Jirani. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imezibwa na paka. Wangapi?"

Bwana Kuku aliweka nyundo chini. Alilitazama banda lake, akalitazama tena, halafu uso wake mkubwa ukakunjamana na machozi yakamtoka bila sauti. "Wanne," alisema. "Yule mdogo peke yake amechukua watatu. Ana shabaha huyo, usimwone. Nyama ya paani hawajaigusa siku nyingi, nampa paka. Ningesema nini? Nikisema wamejitegemea, daktari anakuja na mkoba wake. Na wavu ule ni wangu, jirani. Mimi ndiye niliyemvunja. Nikaona, acha wachukue. Acha wachukue wote, mradi yeye aishi."

Mama Pasi alitamani kumgombeza, na zaidi alitamani kumwambia aendelee kunyamaza, watanyamaza wote wawili, hakuna atakayejua. Hilo ndilo lililomtisha, jinsi alivyolitaka kwa moyo wote. Alikumbuka mwewe alivyolala kifudifudi asubuhi ile, jicho nusu limefumba. Kumbe walikuwa wanamweka kwa ajili yao, yeye na mwanaume huyu mzima anayelia mbele ya kuku.

"Ametulelea watoto mpaka wakajua kuiba," alimwambia taratibu. "Kazi yake imekwisha, na imekwisha vizuri. Sasa sisi tunamlipa kwa kumsimamisha juu ya vidonda. Ndiyo shukrani hiyo?"

Bwana Kuku alitikisa kichwa. Alijifuta kwa kofia. "Lakini nami nitakuwepo," alisema.

Daktari alikuja kesho yake asubuhi. Wifi alikwishapokea habari. Alipoona mkoba alikwenda uani akasimama mbele ya kamba, mikono kiunoni, tayari kumzuia Mama Pasi asianue mashuka mabichi. Alisubiri bure. Mama Pasi alikuwa amekaa kwenye kibao cha banda la mkaa, taulo mapajani, na ndani ya taulo mwewe amefunikwa kichwa. Alimshika kama alivyofundishwa, miguu mkono mmoja, mabawa kifuani, asibane. Alisikia moyo wa ndege ukipiga mbio chini ya vidole vyake.

"Una hakika, mama?" daktari aliuliza. "Mara zote huwa..."

"Mara zote nilikuwa nakimbia. Huyu hakukimbia nilipompa watoto wa watu. Choma, binti yangu."

Bwana Kuku alipiga magoti kwenye mabaki ya mkaa na kuweka kidole kimoja juu ya taulo. "Kwa heri, bibie," alisema. "Nisamehe wavu."

Sindano ni jambo fupi. Moyo ule uliokuwa ukikimbia ulipunguza mwendo, ukatembea, ukasimama, na Mama Pasi aliyahisi yote hayo mikononi mwake mpaka mwisho. Alikuwa akidhani ni kitu ambacho mtu hawezi kukihisi akabaki mzima. Alilia, ndiyo, lakini alibaki mzima. Kilichomshangaza ni jinsi miguu ile, iliyokuwa ikikunjana kwa maumivu siku zote hizo, ilivyolegea na kufunguka.

Walimzika nyuma ya banda. Wifi alileta shuka, lile lile la nyumba ya wageni, lenye doa ambalo hakuna sabuni iliyoliweza. "Lilikuwa lake tangu mwanzo," alisema, na kwa mara ya kwanza hakutia neno la ziada.

Walipokuwa wakikanyagia udongo, Bwana Kuku alimwomba Mama Pasi vitambaa vyovyote vya kutupwa, vyeupe ikiwezekana. Akapanda na ngazi yake kwenye banda, akavifunga kila mahali kwenye wavu ule mweusi, ili ndege yeyote ajaye auone kabla haujamnasa. Mama Pasi alikuwa chini akimpasulia vipande. Ghafla kivuli kilipita juu yao, haraka, na kuku wakatawanyika wakipiga ukelele. Kwenye upenyo wa pembeni, pale ambapo wavu haukufika, yule mwewe mdogo alishuka, akagusa ardhi kama asiyetaka kuchafuka, akapanda tena na kifaranga kwenye kucha. Mwenzake alimfuata akipiga mluzi.

Bwana Kuku alisimama juu ya ngazi, akavuta pumzi, na sauti ile ambayo mtaa ulikuwa umeisahau ikarudi kwa nguvu zake zote.

"Wezi nyie! Wezi wakubwa! Mama yenu..." Hapo alikwama, mkono hewani. Alimtazama Mama Pasi chini, machozi bado hayajamkauka, akamalizia kwa nguvu mpaka wifi akatoka nje kusikiliza: "Mama yenu alikuwa mtu mwema!"